Kabla ya Kununua Cherehani, Tembeeni Kwanza



Kuna swali ambalo huulizwa sana katika vikundi vya kujisaidia, hasa vya akina mama na vijana: "Akiba yetu imefika mahali pazuri. Je, tufungue duka la kisasa la vitambaa na kushona?" Swali ni zuri. Kila mtu huvaa nguo, na Mokowe ya leo si ile ya zamani. Lakini likija swali la pili, "Mtamshonea nani, na atataka nini?", mara nyingi kikao hunyamaza. Au mmoja husema, "Tutafanya kama lile duka tuliloliona Mombasa."

Hapo ndipo hatari ilipo. Duka la Mombasa linaishi kwa wateja wa Mombasa. Wahenga walisema, cha kuazima hakistiri maungo. Kikundi kikiazima wazo la mwingine kama lilivyo, chaweza kubaki na majora ya vitambaa visivyo na mnunuzi, na cherehani zinazoshika kutu kwa hewa ya chumvi. Na ile akiba ilikuwa karo ya watoto na dawa za wazee.

Basi wazo zuri latoka wapi? Tunaamini linatoka kwa watu wanaopita mbele ya macho yenu kila siku. Hebu tueleze.

WALIOTUTANGULIA WALIANZIA WAPI?

Tuanze na leso, au kanga. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani, Zanzibar na Mombasa, walikuwa wakinunua vitambaa vidogo vya mraba vilivyoletwa na wafanyabiashara. Jina leso lenyewe linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha namna hiyo. Badala ya kununua kimoja kimoja, walinunua sita, wakavishona pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana. Hakuna aliyewafundisha. Walitaka vazi la kupendeza, wakalitengeneza kwa kilichokuwepo. Wauzaji walipoona wanawake wanafanya hivyo, wakaanza kuagiza vitambaa vilivyokwisha kupigwa chapa kwa upana ule.

Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887. Inaelezwa kwamba ni yeye aliyeanzisha, mwanzoni mwa karne ya 20, desturi ya kuandika maneno kwenye leso. Leo leso ina pindo, mji na jina, na mama anaponunua husoma jina kwanza. Mfanyabiashara huyo aliona kwamba mwanamke hanunui kitambaa tu, ananunua pia jambo la kusema.

Twende Uganda. Inasimuliwa kwamba vazi la gomesi lilipata jina lake kutoka kwa fundi Mgoa aitwaye Gomes. Fundi huyo alishona sare za wasichana wa shule ya Gayaza, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1905. Kazi ya sare za shule moja ikazaa vazi la heshima ambalo akina mama wa Uganda huvaa harusini hadi leo.

Na cherehani je? Mmarekani Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851. Mashine ilikuwa nzuri, ila bei yake iliwashinda watu wengi. Mwaka 1856 kampuni yake ikaanza kuwaruhusu wateja kulipa kidogo kidogo huku wakiitumia. Mauzo yakapanda sana.

Tazameni wote hawa. Kila mmoja aliona jambo moja dogo katika maisha ya wateja: vazi pana, neno la kusema, sare ya shule, ugumu wa kulipa kwa mkupuo. Hayo waliyaona kwa sababu walikuwa karibu na watu.

TEMBEENI MOKOWE KWA MACHO YA FUNDI

Sasa ni zamu yenu. Chagueni wanachama wawili au watatu, wapeni daftari, na wiki moja ya kutembea. Wasiende kuuza wala kutangaza. Waende kutazama na kuuliza. Kuuliza si ujinga. Kila siku waandike mambo manne: watu wamevaa nini, nini kimechanika au hakiwakai vizuri, walinunua wapi, na nini walikitafuta wakakikosa. Mahali pa kwenda ni hapa:

1. Jeti. Mabasi yanaishia kwetu, na hapa ndipo abiria huteremka kupanda boti za Lamu. Kuna mwanafunzi ambaye zipu ya begi imemkatikia. Kuna mama aliyesahau mtandio. Kuna abiria asiye na kitu cha kufunika mizigo isilowe maji ya bahari. Mtu wa safari hangoji siku tatu, anataka kazi ya dakika kumi. Je, kuna anayeifanya?

2. Shule. Sare inahitajika kila Januari, na mtoto hukua kila mwaka. Waulizeni walimu na wazazi: rangi gani, kitambaa gani, na sare huchakaa wapi kwanza? Mkisikia kwamba magoti na makalio huisha mapema, mmepata wazo: shoneni sare yenye kitambaa cha pili sehemu hizo, na pindo refu la kuachia mtoto akirefuka.

3. Kazini. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, upande huu wetu wa bara. Kuna ofisi za serikali ya kaunti, kuna mikahawa, bodaboda na mafundi wa ujenzi. Hawa huvaa ovaroli, aproni, vizibao vya kung'aa na mashati ya ofisi. Mwenye mkahawa anayetaka aproni sita za rangi moja ni mteja bora kuliko wapita njia ishirini wanaouliza bei tu.

4. Sherehe. Andikeni kalenda ya mwaka mzima: Idd mbili, Maulidi ya Lamu, Krismasi, Pasaka, harusi. Kanzu, dera, gauni la arusi, nguo za kwaya, mapazia ya nyumba ya bibi harusi: kila kimoja kina msimu wake. Kitambaa cha Idd kikifika baada ya Idd, hicho ni hasara iliyokunjwa vizuri kabatini.

5. Vitu vichakavu. Usidharau kiraka. Mtumba umejaa, na watu wengi hununua suruali inayowapwaya. Kupunguza kiuno na kukata urefu ni kazi ya kila siku. Hapo ng'ambo Lamu wapo watu wanaoshona mifuko kwa matanga makuukuu ya majahazi, na wageni huinunua. Tanga lililokwisha kazi baharini likapata kazi nyingine. Na kofia za kudarizi kwa mkono za Lamu, ambazo moja yaweza kuchukua wiki nyingi, zinatuonyesha kwamba mteja hulipa vizuri akiona mkono wa fundi hodari.

Wiki ikiisha, kaeni pamoja msome daftari kwa sauti. Jambo lililotajwa mara moja, liacheni. Lililotajwa na watu wengi tofauti, lizungushieni duara. Hilo duara ndilo wazo la duka lenu.

"KISASA" MAANA YAKE NINI?

Wengi wakisikia duka la kisasa hufikiria vioo, taa za rangi na sanamu ya kuvalishwa nguo. Hivyo vyaweza kuja baadaye. Kwa mteja wetu, duka la kisasa ni hili:

- Akiambiwa Ijumaa, nguo iko tayari Ijumaa. Malalamiko makubwa kuhusu mafundi kila mahali ni ahadi: "njoo kesho", na kesho haifiki.

- Vipimo vyake vimeandikwa daftarini kwa jina lake. Akija mara ya pili, hapimwi upya isipokuwa amenenepa!

- Kuna pembe yenye pazia zito na kioo, na mwanamke hupimwa na mwanamke. Katika mji wetu, Waislamu kwa Wakristo, jambo la stara si dogo. Mama atapita maduka matatu kulifuata lile linalomheshimu.

- Bei imeandikwa, na risiti inatolewa.

- Muuzaji anajua vitambaa vyake. Kwa joto letu watu hupenda pamba, lakini wengi huuziwa poliesta wakiambiwa ni pamba. Kuna njia rahisi ya kujua. Chomoa nyuzi chache, uziwashe kwa kiberiti mbali na nguo nyingine. Pamba huungua kwa harufu kama ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Vitambaa vingine vimechanganywa, hivyo utaona dalili zote mbili. Tena, kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo gauni litaruka mara ya kwanza kufuliwa.

Mambo haya hayahitaji mkopo mkubwa. Yanahitaji nidhamu.

LIJARIBUNI WAZO KABLA YA KUKODI DUKA

Msinunue cherehani tano siku ya kwanza. Anzeni na moja au mbili, hata za mwanachama, barazani kwake. Shoneni vipande kumi tu vya lile wazo mlilolizungushia duara. Mkiviuza vyote kwa majirani na wapita njia, bila kuwasihi ndugu zenu, wazo lina uhai. Vikibaki saba, mmejifunza kwa hasara ndogo.

Halafu fanyeni hesabu ya kweli. Tutoe mfano wa sketi ya shule. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni za kwenu:

Kitambaa: sh. 450
Uzi, zipu na kifungo: sh. 80
Sehemu ya kodi na umeme: sh. 70
Jumla: sh. 600

Mkiuza kwa sh. 750, wengi watasema, "Kitambaa ni 450, tumepata 300!" Ukweli ni kwamba zimebaki 150. Na bado fundi hajalipwa. Kama fundi anastahili sh. 200 kwa sketi moja, basi kila sketi imewapa hasara ya sh. 50. Kadiri mnavyoshona sana ndivyo mnavyopoteza sana, na hamtajua mpaka siku ya kununua jora jipya. Vikundi vingi huvunjika hapa, kisha watu hushukiana wizi wakati hakuna aliyeiba. Mikono ina bei, iandikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lile wazo la Singer nalo laweza kutusaidia. Mzazi asiyeweza kulipa sare yote Januari apewe kadi mwezi wa Septemba, alipe kidogo kidogo, kwa simu au kwa mkono, na kila malipo yaandikwe kwenye kadi yake na kwenye daftari lenu. Shule zikifunguliwa, sare iko tayari. Ila tahadhari: pesa za kadi ni za mzazi mpaka nguo imkabidhiwe. Wekeni kando. Kikundi kinachozila kabla ya kushona kitakuwa na deni na aibu kwa pamoja.

MPIGANIENI CHEREHANI

Sisi wa pwani tuna adui ambaye wenzetu wa bara ya mbali hawamjui: chumvi iliyo hewani. Cherehani isiwekwe kando ya dirisha linaloelekea baharini. Jioni ifutwe vumbi na nyuzi, itiwe matone ya mafuta ya cherehani (mafuta ya kupikia huganda, msiyatumie), kisha ifunikwe kwa kitambaa kikavu. Sindano butu huvuta uzi na kuharibu kitambaa cha mteja, basi ibadilishwe mapema. Mchagueni mtu mmoja wa kazi hii kwa jina, kwa sababu kazi ya wote huwa haina mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nguo au kazi gani ya kushona ambayo watu wa Mokowe huvuka hadi Lamu au kusafiri mbali kuitafuta?

2. Katika kikundi chetu, nani anajua kukata, nani anajua kudarizi, nani anajua hesabu, na nani anajua kuzungumza na wateja?

3. Tukianza na kitu kimoja tu, kitakuwa kipi? Kwa nini hicho?

4. Tutamlipa fundi vipi, kwa kipande au kwa mwezi? Na akiugua?

5. Tukipoteza pesa za majaribio, ni kiasi gani tunachoweza kuvumilia bila kugusa karo?

Jibuni la tano kwa tarakimu, na muiandike kwenye kumbukumbu za mkutano kabla ya mtu yeyote kupanda basi kwenda kununua majora.