Dawa Kabla Ganzi Haijaisha

Mama aliyejifungua kwa upasuaji mara nyingi hurudishwa wadini akiwa mchangamfu. Sindano ya mgongoni bado inafanya kazi, miguu ni mizito, mtoto yuko pembeni na simu za pongezi hazikauki. Saa chache baadaye ganzi huanza kuachia. Kukohoa kunakuwa kazi, kucheka ndiyo usiseme. Hapo ndugu husogea kitandani na kumwambia ajikaze, kila mzazi kapitia. Wanasema kwa upendo, lakini dawa ilitakiwa iwe imeshaingia mwilini kabla ya hapo.

Sababu iko kwenye kidonda chenyewe. Kisu kikipita, seli zilizojeruhiwa huachia mafuta fulani kutoka kwenye utando wake, na kimeng'enya kiitwacho saiklooksijenezi huyaanzishia safari ya kugeuka kuwa prostaglandini. Hizo huleta uvimbe na joto, tena huzifanya ncha za neva ziwe nyepesi kuhisi, hata shuka likigusa tumbo linauma. Diklofenaki, ibuprofeni na ketorolaki hukizuia kimeng'enya hicho. Prostaglandini zilizokwisha kutengenezwa haziziondoi, zinazuia mpya. Ndiyo maana dozi inapaswa kufuata saa, isingoje mgonjwa alie. Na kwa mzazi faida ni mbili, kwa kuwa chango la uzazi, yale maumivu ya mji wa mimba unapojikunyata kurudi ukubwa wake wa kawaida, nalo huchochewa na prostaglandini.

Aspirini, ambayo nayo hukizuia kimeng'enya hicho, ilikuwa sokoni tangu 1899, lakini namna inavyofanya kazi ilielezwa mwaka 1971 tu, na John Vane wa London. Mwaka 1982 aligawana Tuzo ya Nobel na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Mofini hupita njia nyingine: hutuliza maumivu kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ina nguvu, ila huleta kichefuchefu, muwasho na usingizi, na ikizidi hudhoofisha pumzi. Dawa za kundi la diklofenaki zikitangulia pamoja na parasetamo, mofini inayohitajika hupungua. Wala parasetamo isidharauliwe. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2013, uliohusu watu waliong'olewa magego ya mwisho, ulikuta kwamba takribani 7 kati ya 10 waliopewa ibuprofeni na parasetamo kwa pamoja walipata nafuu ya angalau nusu. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, hawakufika hata 1 kati ya 10.

Kimeng'enya kinachozuiwa kina kazi nyingine muhimu. Husaidia kulinda ukuta wa tumbo, kupitisha damu ya kutosha kwenye figo na kuzifanya chembe sahani zishikane damu ikivuja. Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, aliyepoteza damu nyingi au mwenye pumu inayoamshwa na aspirini lazima aseme mapema, kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Watafiti walipotengeneza dawa za kundi hili za kukwepa madhara ya tumboni, moja yao, rofekoksibu, iliondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Kinachonitia hofu zaidi ni siku za nyumbani. Mgonjwa ameruhusiwa na diklofenaki mfukoni, usiku kidonda kinamsumbua, mtu anatumwa duka la dawa na kurudi na ibuprofeni. Majina mawili, rangi mbili, kundi moja: nafuu haiongezeki kwa maana, madhara ya tumbo na figo ndiyo yanaongezeka. Kama parasetamo haimo kwenye orodha aliyoandikiwa, hiyo ndiyo ya kumuulizia daktari au mfamasia. Diklofenaki inywewe baada ya chakula, kwa siku zilizoandikwa tu. Choo kikiwa cheusi kama lami, iachwe na mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo.