Jasho la Maili Nne haliondoi bia

MSOMAJI, ikiwa wewe ni mkazi wa Eldoret, bila shaka unaijua safari hii. Jioni ya Ijumaa unaketi na wenzako katika baa moja mjini, mnakunywa chupa mbili tatu, kisha mmoja anapendekeza mkamalizie kwenye baa nyingine kule Maili Nne. Nauli mnayo, lakini mnaamua kutembea. "Tukifika tutakuwa tumeitoa kwa jasho," mnaambiana.

Imani hii imeenea sana mjini na ina hatari zake. Hebu tuitazame kwa makini.

Jina la Maili Nne ndilo linaloeleza urefu wa safari yenyewe: kilomita 6 na zaidi kidogo kutoka katikati ya mji, ukifuata barabara kuu ya kuelekea Uganda. Mtu mwenye afya akitembea mwendo wa haraka hutumia saa moja na robo hivi. Kwa upande wa mazoezi, hilo ni jambo jema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Safari mbili za namna hiyo zinatosha.

Shida ni chupa zilizotangulia.

Ini lina mwendo wake

Pombe haitoki mwilini kwa jasho. Sehemu ndogo tu hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Zaidi ya asilimia 90 husafishwa na ini, nalo haliharakishwi na kutembea, kahawa, supu wala maji baridi. Chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua ini la mtu wa kawaida kama saa 2. Ukinywa tatu, hesabu saa 6. Kwa hiyo unapofika Maili Nne baada ya saa moja na robo, pombe nyingi ingali katika damu yako, nawe unaanza kuiongezea nyingine.

Wanaotembea ili wapunguze kitambi pia wafanye hesabu. Chupa ile moja ina kalori 200 hivi. Safari nzima ya Maili Nne huchoma 300 au zaidi kidogo kwa mtu wa kilo 70. Chupa tatu pamoja na nyama choma huyafuta matembezi hayo yote.

Baridi na sukari

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Mnywaji huhisi joto kwa sababu pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Kumbe hilo ndilo joto la mwili linalopotea. Anayelala kando ya njia akidhani ana joto la kutosha huenda asiamke.

Kuna pia suala la sukari. Ini likishughulika na pombe hupunguza kazi ya kutengeneza sukari, huku miguu nayo ikiitumia ile iliyopo. Aliyekunywa bila kula anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kuzirai. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini yumo hatarini zaidi, na wapita njia humwacha wakidhani amelewa tu.

Barabara

Hatari kubwa kuliko zote ni magari. Watembeao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani humu nchini, na barabara hii ndiyo ya matrela yaendayo Malaba. Mlevi hushindwa kukadiria kasi ya gari lijalo, nalo gari halimwoni mtu aliyevaa koti jeusi.

Ufanye nini basi?

Usiache kutembea. Badilisha mpangilio tu: tembea kwanza, mchana, kabla ya kunywa. Ukiamua kunywa, kula kwanza, kunywa maji kati ya chupa na chupa, na ubaki baa moja. Nauli ya kurudi iweke kando kabla ya kuagiza ya kwanza. Ukilazimika kutembea usiku, msiachane njiani, vaeni nguo nyeupe na mpite upande wa kulia ili myaone magari yanayokuja mbele yenu. Mwenzenu akilala na asiamke, mlazeni ubavu, mfunikeni na mtafute gari la kumpeleka hospitali. Msimwache.

Mji huu umejipatia sifa duniani kwa miguu ya wanariadha wake. Miguu yako nayo itakufaa sana, mradi usiitwike kazi ya ini.