Je, Wajua? Seva ya Kigali inayosoma saa za Maputo

Je, wajua kwamba ukiwa Kigali na kompyuta yenye mfumo wa NixOS, halafu ukatazama tarehe za programu zilizomo, zote zitadai kuwa za tarehe 1 Januari 1970, saa nane usiku na sekunde moja? Hakuna hitilafu. Kila faili linapoingia kwenye ghala la mfumo huo hufutiwa tarehe yake halisi na kupewa sekunde ya kwanza baada ya wakati ambao kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Lengo ni kwamba programu ileile, iundwe leo au mwakani, itoke vilevile. Kwa saa ya UTC hiyo ni saa sita usiku na sekunde moja, na Kigali iko saa mbili mbele.

Ujanja huo nusura uwaharibie wenye tovuti. Seva ya nginx hutumia tarehe na ukubwa wa faili kumjulisha msomaji kama ukurasa umebadilika. Tarehe zikifanana zote, ungesahihisha herufi moja na wasomaji wako wangebaki na kosa la jana. Watunzaji wa NixOS wakaitia nginx kiraka, ikawa inatazama alama ya herufi na tarakimu 32 iliyo kwenye jina la folda.

Alama hiyo nayo ina kisa. Haitumii kamwe e, o, t wala u, ili bahati mbaya isije ikaunda tusi. Walioamua hivyo walikuwa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, ambako Eelco Dolstra alianza kazi ya Nix, msingi wa NixOS, mwaka 2003. Matusi ya Kiswahili yanayotosheka na a na i bado yana nafasi yake.

Lakini kwa nini mtu wa Kigali mwenye kijiseva chake ajisumbue na haya yote? Kwa sababu seva ya kawaida hujengwa amri moja baada ya nyingine, na baada ya miaka miwili hata aliyeijenga hajui kilichomo. Kwenye NixOS unaandika unachotaka, siyo hatua za kukifikia. Mstari huu

services.nginx.enable = true;

unatosha kuleta programu, kuifungulia akaunti yake na kuiwasha kila mashine inapowaka. (Milango ya 80 na 443 ya ukuta wa moto unaifungua mwenyewe. Hapo ndipo wageni wengi hukwama.) Maelezo waweza kuyagawa kwenye mafaili mengi, la tovuti kivyake, la barua pepe kivyake, na mfumo utayaunganisha. Ukiandika katika faili moja kwamba saa ni za Kigali na katika jingine za Nairobi, mfumo unakataa kabla haujagusa chochote.

Tukiwa kwenye saa: katika hazina ya majira inayotumiwa na kompyuta duniani, Africa/Kigali ni jina tu linaloelekeza kwenye Africa/Maputo. Dar es Salaam nayo husoma za Nairobi.

Umeme ukikatika katikati ya sasisho la NixOS, toleo la zamani la mfumo bado liko zima, na unalichagua kwenye orodha mashine inapowaka.

Je, wajua pia kwamba kabla ya 2004 barua pepe kati ya watoa huduma wawili wa Kigali iliweza kuzunguka hadi ng'ambo kwa setilaiti ndipo ifike mtaa wa pili? Mwaka huo kilianzishwa RINEX, kituo ambapo mitandao ya Rwanda hubadilishana data hapohapo. Ukiiweka tovuti yako Frankfurt, toka Kigali hadi huko ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na hata mwanga ndani ya mkongo huhitaji angalau milisekunde 60 kwenda na kurudi. Rwanda haina bahari. Mikongo yake huifikia kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba. Siku kama hiyo, tovuti iliyo ndani ya Kigali inaweza kuendelea kusomwa na watu wa Kigali.

Tahadhari mbili kabla hujaanza. Faili la usanidi litakujengea upya mfumo kwenye mashine nyingine, lakini picha na hifadhidata halizirudishi, kwa hiyo weka nakala zake mahali pengine. Na nenosiri usiliandike humo: ghala la Nix husomwa na kila mtumiaji wa mashine.