Bia Tatu ni Vipimo Sita: Uchunguzi wa Unywaji wa Pombe katika Huduma za Afya ya Msingi

Mgonjwa wa shinikizo la damu anaporudi zahanati kwa mara ya tatu na shinikizo halijashuka, mtoa huduma humwuliza kama anameza dawa zake na kama amepunguza chumvi, kisha mara nyingi huongeza dozi. Swali la pombe huulizwa kwa nadra. Likiulizwa, huwa fupi: "Unakunywa?" Mgonjwa hujibu, "Kidogo tu," na mazungumzo huishia hapo. Neno "kidogo" huandikwa katika faili kana kwamba ni kipimo.

Pombe huhusishwa na magonjwa na majeraha ya aina zaidi ya 200. Hupandisha shinikizo la damu, hudhuru ini na kongosho, huongeza ajali za barabarani, na huvuruga umezaji wa dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tangu mwaka 1988 imewekwa katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Miongoni mwa saratani hizo ni za umio, ini na matiti. Wagonjwa wa magonjwa haya huanzia zahanati na kituo cha afya, na hapo ndipo uchunguzi unapopaswa kuanzia.

Nani aulizwe

Wapo wanaodhani kwamba uchunguzi huu unamhusu mlevi anayejulikana mtaani. La hasha. Wataalamu hutofautisha hali tatu. Ya kwanza ni unywaji hatarishi: mtu hajadhurika bado, lakini kiasi anachokunywa kinamweka katika hatari. Ya pili ni unywaji wenye madhara: mwili, akili au maisha ya nyumbani yameanza kuathirika. Ya tatu ni utegemezi, ambapo mtu hushindwa kujizuia na mwili wake hudai pombe. Walio katika hali mbili za kwanza ni wengi kuliko wategemezi, huenda kazini kila siku, na ndio wanaofaidika zaidi na ushauri mfupi. Kwa macho hawatambuliki.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mtu mzima aulizwe, kama kila mtu anavyopimwa uzito: mzee na kijana, mwanamke na mwanamume, mwenye kuvaa kanzu na mwenye kuvaa suti. Swali linaloulizwa kwa wote halimwaibishi yeyote.

Dodoso la AUDIT

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT. Liliandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa utafiti uliofanyika katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, na limekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika katika utafiti nchini Tanzania. Maswali matatu ya mwanzo yahusu kiasi na mara za kunywa. Matatu yanayofuata, dalili za utegemezi. Manne ya mwisho, madhara. Kila swali lina alama 0 hadi 4, na jumla haizidi 40. Dodoso zima huchukua dakika chache.

Alama 8 au zaidi huashiria unywaji hatarishi au wenye madhara. Kwa wanawake na wazee waliozidi miaka 65, kiwango cha 7 hupendekezwa, maana miili yao huathirika kwa kiasi kidogo zaidi. Palipo na foleni ndefu, maswali matatu ya mwanzo yaweza kutangulizwa, na yale saba yakafuata kwa yule ambaye majibu yake yanatia shaka.

Chupa, lita na kata

Ugumu wa dodoso hili uko katika kuhesabu. Kipimo kimoja cha kinywaji katika AUDIT ni gramu 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20; kwa hiyo bia moja ni vipimo viwili.

Mfano huu waonesha uzito wa jambo hilo. Mwanamume hunywa bia tatu kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Swali la kwanza, la mara ngapi, humpa alama 3. Mtoa huduma akihesabu chupa kama vipimo, swali la pili litampa alama 1, na swali la tatu, linalouliza ni mara ngapi hunywa vipimo sita au zaidi kwa wakati mmoja, litampa 0. Jumla ni 4, naye ataambiwa hana tatizo. Akihesabiwa sawasawa, bia tatu ni vipimo sita: swali la pili ni alama 2, na la tatu, kwa kuwa hutokea kila wiki, ni alama 3. Jumla ni 8 kabla hajaulizwa maswali saba yaliyobaki. Mtu ni yule yule na majibu ni yale yale. Hesabu ndiyo iliyotofautiana.

Pombe za kienyeji zahitaji uangalifu zaidi. Mbege hunywewa kwa kata, pengine kwa kupokezana; ulanzi na mnazi huuzwa kwa lita au chupa; nguvu zake hubadilika kadiri zinavyochachuka. Mtoa huduma aulize ni chombo gani, hujaa mara ngapi, na hunywewa na watu wangapi. Tena wapo wasemao hawanywi pombe, kumbe wanakunywa bia, kwa kuwa kwao "pombe" ni ile ya kienyeji tu. Aina zitajwe moja moja. Anayekunywa gongo huogopa sheria. Ahakikishiwe kwamba habari zake ni siri ya matibabu.

Baada ya alama kujulikana

Alama 0 hadi 7 huhitaji elimu tu. Alama 8 hadi 15 huhitaji ushauri wa wazi wa kupunguza. Alama 16 hadi 19 huhitaji unasihi mfupi na ufuatiliaji. Alama 20 na kuendelea humaanisha apelekwe kwa mtaalamu achunguzwe utegemezi.

Ushauri mfupi huchukua dakika 5 hadi 15. Mgonjwa huelezwa alama zake, huoneshwa uhusiano wake na maradhi yaliyomleta, huulizwa mwenyewe anaonaje, kisha hukubaliana na mtoa huduma juu ya lengo dogo na tarehe ya kurudi. Kwa mjamzito na mwenye ugonjwa wa ini, ushauri ni kutokunywa kabisa. Anayetumia isoniazidi aelezwe kwamba pombe huongeza hatari ya dawa hiyo kudhuru ini.

Hatari ya kuacha ghafla

Mtegemezi asiambiwe aache mara moja akiwa peke yake nyumbani. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Degedege huweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuweweseka na kuchanganyikiwa hufuata kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, na huweza kuua. Aliyelazwa kwa kuvunjika mguu naye huacha pombe ghafla bila kukusudia. Asipoulizwa siku ya kwanza, siku ya tatu wodi itadhani ana malaria ya kichwani au wazimu. Diazepamu chini ya uangalizi huzuia hali hiyo, na thiamini hutolewa kabla ya dripu ya glukosi ili kuukinga ubongo.

Kwa mgonjwa

Anayeulizwa kuhusu pombe hashtakiwi. Jibu la kweli humsaidia daktari kuchagua dawa na dozi, na huweza kumwepusha na dawa asizozihitaji. Ni vyema ataje chombo anachonywea na siku anazokunywa, bila kupunguza. Anayetetemeka asubuhi mpaka anywe asijaribu kuacha peke yake. Afike kituoni na kulieleza jambo hilo hata kama hakuulizwa.