Monita ya mtumba: Jua ugonjwa wake kabla ya kutoa fedha

OFISI zimeongezeka Dodoma tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba Serikali inahamia huko. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilikuwa kimekwishaleta maelfu ya wanafunzi wa kuchapa na kutoa nakala. Palipo na ofisi na steshenari hapakosi kompyuta, na kwa mwenye mtaji mdogo kompyuta ina maana ya mtumba. (Tunazungumzia mtumba wa bidhaa, si Mtumba ulipo Mji wa Serikali.)

Katika vifaa hivyo, monita ndiyo yenye mtego mkubwa kwa mnunuzi wa jumla. CPU ikifa huchinjwa ikauzwa vipande: memori kwa huyu, diski kwa yule. Monita haigawanyiki hivyo. Thamani yake karibu yote iko kwenye kioo. Bodi ya umeme, kebo, adapta na vitufe ni vitu vya bei ndogo. Kwa hiyo, msomaji, unapoonyeshwa rundo la monita mbovu, swali lako la kwanza liwe moja tu: kioo ni kizima?

Chukua hesabu hii ya mfano. Mfanyabiashara ananunua monita mbovu 10 kwa Sh 15,000 kila moja, jumla Sh 150,000, na usafiri Sh 20,000. Sita zina ubovu wa umeme, fundi anatoza Sh 15,000 kwa kila moja, na zinauzwa Sh 60,000 kila moja. Ameingiza Sh 360,000 kwa gharama ya Sh 260,000. Faida ni Sh 100,000. Lakini zikitengenezeka tatu tu, mauzo ni Sh 180,000 dhidi ya gharama ya Sh 215,000. Amepoteza Sh 35,000 na bado ana mizoga saba dukani. Tofauti yote imetokana na monita tatu.

Sasa namna ya kupima. Baadhi ya monita zinazoitwa mbovu si mbovu kabisa. Nyingine imewekwa kwenye tundu la HDMI wakati kebo iliyochomekwa ni ya VGA. Bonyeza kitufe cha kuchagua tundu. Nyingine haina mwenzake: Intel na AMD zilitangaza Desemba 2010 kwamba zingeachana na VGA ifikapo 2015, hivyo kompyuta nyingi za karibuni hazina tundu hilo. Hapo inahitajika kigeuzi cha kutoa HDMI kwenda VGA. Kile cha VGA kwenda HDMI hakifanyi kazi kinyumenyume, ingawa kwa macho vinafanana.

Adapta nayo ina balaa lake. Monita nyingi za Samsung zenye adapta ya nje hutumia volti 14, za LG volti 19. Plagi inaweza kuingia vizuri tu, na bodi ikaungua. Soma kibandiko cha nyuma ya monita, usisikilize maneno ya muuzaji.

Kama monita haiwaki kabisa, au kitaa chake kinapepesa, au inachukua dakika nyingi kabla ya kuonyesha picha, usiikimbie. Dalili hizo mara nyingi ni za kapasita za bodi ya umeme. Monita za kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zinajulikana kwa hilo, kwa kuwa kapasita nyingi za wakati huo zilijazwa kimiminika kibovu kiwandani. Fundi akifungua ataziona: kichwa kilichopaswa kuwa bapa kimevimba, au kimevuja uchafu wa kahawia. Anazing'oa na kulehemu mpya zenye uwezo uleule, volti zilezile au zaidi, na zilizoandikwa nyuzi 105, si 85. Alama ya hasi ikikaa upande usio wake, kapasita hupasuka.

Hali ya hewa ya uwanda wa kati inaharakisha ubovu huu. Mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Vumbi huziba matundu, joto linabaki ndani, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka uhai wa kapasita hupungua kwa nusu hivi.

Tahadhari: kazi hii si ya mwenye duka na bisibisi. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani ya bodi hufikia takriban 325, na kapasita kubwa huweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Zile monita za kisogo huzidi hapo kwa mbali, hadi volti 25,000. Mwachie fundi.

Kipimo kingine hakihitaji hata kufungua. Monita inawasha kitaa, picha inatokea sekunde mbili kisha giza. Mulika kioo kwa tochi ya simu, kwa kukingama. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima; kilichokufa ni taa za nyuma yake au inveta inayoziwasha. Inatengenezeka, ila punguza bei.

Mistari ya wima ni habari nyingine. Chanzo chake mara nyingi ni nyaya nyembamba zilizogandishwa kwenye ukingo wa kioo kwa mashine ya kiwandani. Ukibonyeza fremu mistari inahama au kutoweka, na muuzaji atasema imepona. Mistari mingine hupotea monita ikipata joto, kwa hiyo omba kuiwasha ikiwa baridi, kisha iache nusu saa. Kwenye minada ya mali chakavu, ambako bidhaa huuzwa kama zilivyo mahali zilipo, kipimo hicho hakipatikani. Bei unayotaja iwe ya mtu aliyekwishahesabu hasara.

Kioo kilichopasuka hakina tiba. Usikivunje wala kukichoma, kwani monita nyingi za kabla ya 2010 zina taa zenye zebaki. Mguu, kebo na bodi ya umeme huuzwa kwa mafundi kama spea. Bandika namba ya modeli kwenye bodi kabla hujaitenganisha na kasha. Bila hiyo fundi hawezi kujua inaingia monita ipi.