Kipa aliyetanguliza shule

Kwetu mpakani, kijana akionja fedha mapema, daftari huwekwa kando. Ndiyo maana nakikumbuka kisa cha Ken Dryden, kipa wa mpira wa magongo wa barafuni wa Kanada, aliyefariki dunia mwaka 2025. Mwaka 1964, akiwa bado kijana, alichaguliwa na klabu ya Boston, kisha haki zake zikahamishiwa Montreal. Hakuzikimbilia fedha. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akashinda mechi 76 na kupoteza 4 tu. Mwaka 1971, baada ya mechi 6 tu za ligi, aliisaidia Montreal kutwaa Kombe la Stanley. Baadaye alihitimu sheria, na mwaka 2004 akawa waziri. Wazazi wenzangu, tusiwaharakishe watoto. Kombe lilimsubiri.