Mahindi yapo, njaa ipo: nani ananufaika na biashara ya nafaka mpakani?

Njaa inapotangazwa katika nchi za Afrika Mashariki, swali la kwanza huwa ni la mvua: ilinyesha au haikunyesha? Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Katika msimu ambao familia moja inakosa unga, malori ya mahindi huweza kupita barabara ya kijiji hicho hicho kuelekea kwenye soko lenye wanunuzi wenye fedha.

Mchumi wa India, Amartya Sen, alilieleza jambo hili katika utafiti wake wa mwaka 1981. Alipochunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943, aligundua kuwa chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vile. Bei ilipanda kuliko ujira wa vibarua, nao wakashindwa kununua.

Tofauti huanzia shambani

Mkulima mdogo mwenye deni la mbolea na ada ya shule huuza mara baada ya mavuno, wakati bei iko chini. Miezi michache baadaye akiba huisha, naye hurudi sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu. Mwenye ghala na mtaji hupata faida iliyo katikati.

Lumbesa huongeza hasara hiyo. Gunia lililojazwa kupita kipimo hulipwa kama gunia moja, na anayeumia ni yule asiye na mzani wala nafasi ya kukataa. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005 ili mkulima ahifadhi mazao na kusubiri bei nzuri, lakini asiye na usafiri wa kufikisha mzigo ghalani hubaki mikononi mwa dalali.

Mpaka unapofungwa

Mwaka 2011 Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje ili kulinda akiba yake. Mwaka huo huo ukame uliikumba Kenya, Ethiopia na Somalia, na Julai 20 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia. Juni 2017 Tanzania ilizuia tena mahindi, ikitaka yasagwe na kuuzwa nje kama unga.

Zuio la namna hii hushusha bei kwa mkulima na kuipandisha kwa mlaji wa ng'ambo ya mpaka. Mfanyabiashara mkubwa huweza kusubiri. Mdogo huuza kwa hasara au hupita njia za panya, ambako mzigo wake waweza kukamatwa.

Gharama ya karatasi

Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hatari hiyo ni ya kweli, kwani mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya.

Hata hivyo, gharama ya kipimo haigawanyiki sawa. Kwa mfano, kipimo kikigharimu shilingi 60,000, mwenye lori la magunia 300 hulipa shilingi 200 kwa gunia. Mwenye magunia 10 hulipa shilingi 6,000 kwa gunia.

Kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha yake. Cheti hicho humwondolea mfanyabiashara ushuru wa forodha, lakini hakimwondolei cheti cha usafi wa mimea wala kipimo cha sumukuvu.

Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo hufaidika wanapounganisha mizigo, kupima pamoja na kukodi lori moja. Kwa wasafirishaji, huo ni mzigo halali usiolala mpakani. Kwa mlaji, kila gharama inayopunguzwa njiani humsogezea unga karibu na uwezo wake.